Redio ya Stesheni Moja

Redio ya gari langu ilikuwa inakamata stesheni moja tu, na stesheni hiyo haikuwa hata ya nchi yetu. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana mtu wa kulalamika bure.

Gari lenyewe nililinunua Mwandiga, kwa bwana mmoja aliyekuwa akiuza mahindi, mbolea na, kwa msimu ule, gari. Aliniapia kwamba injini ni nzima, breki ni nzima na redio inafanya kazi. Injini ilikuwa na mambo yake, na breki zilikuwa na mambo yake zaidi. Kuhusu redio hakudanganya. Gari lilikuwa limetoka Japani na redio yake imeandikwa Kijapani kila mahali, mpaka kwenye kitufe cha kuzimia, ambacho nilikigundua siku ya tatu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka ishirini nimefundisha mawimbi ubaoni. Watoto wa watu wamefaulu, na walioshindwa walishindwa kwa uvivu wao. Sikuona kwa nini nimwite fundi aje kunifungia redio. Kwenye droo ya mbele ya gari nilikuta kitabu chembamba cha Kijapani chenye michoro, mishale na alama nyekundu za hatari, nikakichukulia kuwa ndicho cha maelekezo. Nilikaa nacho wiki mbili. Palipochorwa mkanda unaopita chini ya kitu na kutokea juu, mimi nilipitisha waya. Palipochorwa mkono unasukuma mpaka kitu kilie, nilisukuma, na kitu kililia, kisha kikavunjika. Mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, mama asiye na haraka, ndiye aliyekifungua ukurasa wa mwisho akanionyesha mtoto mchanga anayecheka, amefungwa mikanda. Kilikuwa kitabu cha kiti cha mtoto. Nilimshukuru, nikakirudisha kwenye droo, na kufikia Ijumaa shule nzima ilikuwa inanisalimia kwa huruma.

Kuanzia hapo nilifanya kazi bila kitabu.

Redio ilikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ukizima gari inasahau saa, inasahau kiwango cha sauti, inasahau kila ulichoipangia. Ukiwasha, inaanza maisha upya: mwanamke anasema sentensi moja ya Kijapani kwa adabu kubwa, kisha kimya. Mama yangu, ambaye tunaishi naye nyumbani Gungu, hapa Kigoma, siku ya kwanza kuisikia sauti ile alikuwa amekaa kiti cha mbele. Akaitikia, "Marahaba." Nilimweleza kuwa huyo si mtu. Akaniambia kwamba mtu au si mtu, ameamkia vizuri kuliko wanafunzi wangu.

Ugonjwa wa kusahau niliutibu mwenyewe, na hilo naomba nihesabiwe. Niliichomoa redio kwa bisibisi na kisu cha jikoni, nikakuta nyuma yake nyaya za rangi zote zimefungwa kwa vipande vya mfuko wa plastiki. Nilichukua balbu ndogo ya taa ya breki, mguu mmoja nikaushikiza kwenye bodi ya gari, mwingine nikaugusisha kwenye kila waya unaotoka garini, mmoja mmoja. Waya mmoja uliwasha balbu hata gari likiwa limezimwa. Huo ndio wa kumbukumbu, na huo ulipaswa kuungwa na ule wa njano wa redio. Mwingine uliwaka pale tu nilipozungusha ufunguo, na huo ulipaswa kuungwa na mwekundu. Aliyenitangulia alikuwa amezipishanisha. Nilizirudisha mahali pake, nikazifunga kwa tepu ya umeme, nikazima, nikawasha. Saa ilikuwa bado ni saa. Nilikaa ndani ya gari nikiitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kisha nikabonyeza kitufe cha kutafuta stesheni. Namba zilianza kukimbia. Zilianzia sabini na sita, zikapanda, zikapanda, hazikushika kitu. Kwenye themanini na nane na kidogo zikasimama, na ndani ya gari ikaingia kwaya. Nilibonyeza tena. Zikapanda mpaka tisini, zikaruka kurudi sabini na sita, zikapanda, zikasimama palepale kwenye kwaya. Nilijaribu mara kumi. Stesheni zote za mjini kwetu, ambazo hata simu ya tochi inazikamata, hazikuwapo. Kulikuwa na kwaya, na kwaya ilipomalizika mtu akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo kwamba yanafuata matangazo ya vifo.

Mama alitoka jikoni na mikono ina unga. Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akaufunga, akapandisha kioo. Nilimwambia kuwa redio bado haijakaa sawa. Akanyanyua kiganja chenye unga, maana yake ninyamaze, nami nikanyamaza mpaka matangazo yakaisha.

"Hajatangazwa," alisema. Akashuka akaenda kusonga ugali.

Lazima nieleze ni nani hajatangazwa, kwa kuwa tangu siku hiyo redio haikuwa yangu tena.

Mama alizaliwa upande wa pili wa ziwa, maeneo ya Fizi, akavushwa huku akiwa bibi harusi. Kaka yake mkubwa, mjomba wangu, alibaki. Bibi yangu alipofariki huko, miaka kumi na tisa iliyopita, mjomba alimtangaza redioni kama ilivyo desturi yao, maana kwao siku hizo kupata mtandao wa simu kulitaka upande mlima. Tangazo lilisomwa siku tatu mfululizo, na jina la mama lilikuwamo. Siku hizo tatu redio ya nyumbani kwetu haikuwa na betri. Betri nilikuwa nimezichukua mimi. Nilikuwa mwalimu mgeni, shule haikuwa na vifaa, nikazipeleka darasani kuwaonyesha wanafunzi mkondo wa umeme. Somo lilikwenda vizuri sana.

Habari ilimfikia mama kwa mdomo wa mchukuzi wa dagaa pale Kibirizi, yanapotia nanga maboti. Alipanda boti ya mizigo siku hiyohiyo. Boti iliharibika injini njiani, na alipofika, mama yake alikuwa na siku mbili kaburini. Mjomba alimwambia, "Tulikutangaza." Yeye akajibu, "Sikusikia." Mjomba akasema mbele ya watu kwamba mtu husikia anachotaka kusikia. Mama alijibu neno ambalo hajawahi kunitajia, akageuza na boti ileile, na tangu hapo ndugu hao wawili hawakusemezana. Neno la betri hakulitoa. Alijua nani alizichukua, na hakunitaja, si kule wala huku nyumbani. Alinunua tu jozi nyingine, akaniambia hizi zikae.

Tangu hapo, redio yake ilipokuwa nzima, hakuna siku aliyokosa matangazo. Tangazo la kifo la kule lina utaratibu wake. Anatajwa marehemu, kisha anayetoa habari, kisha inaanza orodha: habari ziwafikie fulani aliye mjini, fulani aliye machimboni, fulani aliye Kigoma, popote alipo. Orodha yaweza kuwa ndefu kuliko habari yenyewe, lakini ukoo mzima huitegea sikio. Aliyetajwa ni ndugu. Asiyetajwa, watu watamuuliza maswali maisha yake yote. Mjomba alikuwa amezeeka na kifua kinamsumbua, hayo mama aliyapata kwa wachuuzi. Alichokuwa anakisubiri redioni kila siku saa sita ya kwao, ambayo ni saa saba yetu, ni mambo mawili: kama kaka yake ametangazwa, na siku atakapotangazwa, kama jina lake yeye litasomwa.

Redio yake ya zamani, ile kubwa ya mkanda, ilikata roho mwaka mmoja kabla ya gari. Nilimnunulia nyingine ndogo ya sokoni Ujiji. Ilikamata stesheni za hapa kwa makelele kiasi kwamba ile ya mbali ilifunikwa kabisa. Mwaka mzima akawa anateremka Kibirizi kuuliza watu wa maboti kama hawajasikia msiba. Sasa gari langu lenye ariali ndefu juu ya paa, lililoegeshwa kwenye mteremko unaotazama ziwa, likawa linamletea stesheni ile peke yake, safi, bila jirani hata mmoja. Kama angeiagiza kiwandani wasingemtengenezea iliyo bora zaidi.

Kwa hiyo kila siku saa saba kasoro dakika kumi mama alichukua ufunguo uliokuwa unaning'inia nyuma ya mlango, akaingia garini na kupandisha kioo. Mimi shuleni nilikwenda kwa bodaboda, kwa sababu betri ya gari ilikuwa na matumizi mengine. Mchana nikirudi namkuta ndani, ameweka mikono mapajani kama yuko ibadani. Baada ya dakika ishirini anashuka.

"Hajatangazwa."

Kisha tunakula. Kabla ya hapo hali, na mimi nisingethubutu kula peke yangu.

"Mama," nilimwambia siku moja, "simu si unayo? Na namba yake si uliletewa?"

"Nililetewa."

"Basi mpigie."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba ninasikiliza kama amekufa?"

Nikaenda kunawa mikono.

Ningeiacha redio ilivyo kama si mpira. Jumamosi na Jumapili walimu wenzangu walisikiliza mechi ndani ya magari yao, milango wazi, na mimi nikiwasha ya kwangu inatoka kwaya na orodha ya wafiwa. Mmoja aliniuliza kama nimenunua gari au jeneza. Wa Kiingereza akapendekeza niangalie tena kwenye kitabu cha mtoto. Mimi ni mtu mwenye hasira ya taratibu. Haionekani usoni, inakwenda moja kwa moja kwenye maamuzi.

Nilipeleka gari Kibirizi kwa fundi anayetengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Kibanda chake kimejaa taa, betri na waya, na yeye mwenyewe hukaa katikati yake kwenye kreti la soda. Alikuwa mtu wa rika langu.

"Mwakeye, mwalimu," alinisalimu kwa Kiha, akaingia garini, akabonyeza, akasikiliza, akazima. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kuelezea.

"Redio yako haiumwi," alisema. "Imezaliwa Japani. Kule kwao masafa yanaishia tisini. Stesheni zetu huku zote ziko juu ya tisini. Haizioni tu."

Nilimwambia najua, ingawa nilikuwa nimejua wakati huohuo.

Akanionyesha kisanduku kidogo kama kiberiti, chenye waya pande mbili. Kinakaa kati ya ariali na redio. Kinazichukua stesheni za juu na kuzishusha mpaka pale redio inapoweza kuziona. Kila gari la Japani hapa mjini lina kisanduku hicho, isipokuwa la kwangu.

"Lakini ngoja," alisema. "Kuna ya chini mnayoisikiliza sasa?"

"Moja tu. Ya ng'ambo. Ya mama yangu."

"Basi kamuulize mama kwanza."

Hapa nilipaswa kufikiri. Kisanduku kinachoshusha kila kitu kitaishusha na ile ya chini, na iliyo chini ikishushwa inakwenda mahali ambapo redio haifiki. Hilo ni swali la alama mbili, na nimelitunga mara nyingi. Lakini mimi nilikuwa nimeshaziona mechi zote za msimu kichwani, na katika hesabu yangu stesheni mpya zilikuwa zinaongezwa juu ya ile ya zamani, zote zinakaa pamoja kwa amani.

"Fundi," nilimwambia, "mimi ni mwalimu wa fizikia."

Alinitazama kidogo, akachukua bisibisi.

Nilirudi Gungu na stesheni kumi na moja. Muziki, habari, mpira, mahubiri, matangazo ya sabuni. Nilipandisha mteremko madirisha wazi. Ilikuwa saa saba kasoro dakika chache. Mama alikuwa amesimama nje anasubiri gari kama mtu anayesubiri zamu yake, na nilimfungulia mlango kwa mbwembwe.

"Leo chagua unayotaka," nilisema.

Akabonyeza kitufe chake kimoja anachokijua. Ikatoka sabuni. Akabonyeza tena. Ikatoka mpira. Nikamsaidia. Nikatafuta kutoka chini hadi juu, kutoka juu hadi chini. Dakika zilikuwa zinakwenda. Saa ile niliyoitibu mwenyewe ilisoma saa saba kamili, kisha saa saba na dakika tano.

"Mwalimu," mama alisema. Akiniita mwalimu mambo si mazuri. "Irudishe."

Niliingiza mkono nyuma ya redio kuking'oa kisanduku. Kilikuwa kimeshika. Nilivuta kwa nguvu, kikatoka, na ile pini nyembamba ya waya wa ariali ikabaki imekatikia ndani ya tundu la redio. Baada ya hapo hata sabuni haikutoka. Kulikuwa na mvumo tu, toka sabini na sita hadi tisini.

Niliona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni. Mama alikaa mpaka saa saba na dakika ishirini, akisikiliza mvumo, kwa sababu ndio muda wake wa kukaa. Kisha akashuka. Ugali uliwekwa mezani na yeye hakula.

Kesho yake nilikwenda Kibirizi mbio nikakuta kibanda kimefungwa. Mbalamwezi ilikuwa imeingia. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukikomaa wavuvi wanaanika nyavu na kulala, na fundi wao hufunga kazi akaenda kwao Kalinzi kwenye shamba lake la kahawa. Simu yake iliita bila kupokelewa. Jirani yake aliniambia giza likirudi naye atarudi, kama vile ananieleza ratiba ya treni. Nilijaribu fundi mwingine mjini, akaniambia niiache redio kwa wiki mbili. Nilijaribu mwenyewe kwa sindano na koleo, nikaisukuma ile pini ndani zaidi.

Siku ya pili mama hakula mchana. Siku ya tatu alikula jioni, kidogo. Alichukua ile redio ndogo ya Ujiji akapanda nayo kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, akaishika juu, akaizungusha huku na huku, akateremka. Nilimwambia mimi nilidhani stesheni zingeongezeka tu. Akasema, "Najua." Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Siku ya nne aliteremka Kibirizi kwa bodaboda kuwauliza watu wa maboti. Alirudi amekaza uso. Mchuuzi mmoja wa upande ule alimwambia kwamba juzi wametangaza mzee. Wa maeneo ya kwao hasa. Jina hakulishika, alikuwa anapakia magunia.

"Wazee ni wengi, mama," nilisema.

"Ndiyo."

"Anaweza kuwa yeyote."

"Ndiyo. Na orodha wameisoma, na mimi sikusikia." Alikaa kwenye kigoda cha jikoni. "Mara ya pili, baba. Mara ya pili sikusikia."

Mara zote mbili nilikuwa ni mimi. Hakulisema, na wala hakuwa analificha. Nilitoka nje nikaenda kukaa ndani ya gari, na nakiri kwamba nililia, mtu wa miaka yangu, mbele ya redio niliyoiharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Ile sauti ya Kijapani ilikuwa imeniamkia nilipowasha. Nilikuwa nimewasha kwa mazoea.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Saa saba kasoro dakika kumi mama alitoka ndani amevaa kitenge cha kanisani na kilemba. Alifungua mlango wa abiria akaketi, akapandisha kioo. Nilimfuata, nikaingia upande wa dereva. Nilitaka kumkumbusha kuwa redio ni mbovu, lakini sikuwa mjinga kiasi hicho.

"Toa simu yako," alisema. "Yangu haina salio la kuvuka ziwa."

Nikatoa. Nikamuuliza karatasi yenye namba iko wapi. Akaanza kuitaja namba kwa kichwa, tarakimu moja moja, na ile ya nchi mbele, bila kusita hata mara moja. Alikuwa anaijua tangu siku aliyoletewa, na hakuwahi kuipiga.

Niliweka spika ya nje, nikaiweka simu kwenye dashibodi mbele yake. Simu ilikaa kimya muda mrefu, kisha ikaanza kuita. Iliita mara nne, mara tano. Mama alikuwa anatazama mbele kwenye kioo cha gari, mikono mapajani. Mara ya saba ikapokelewa. Tukasikia mtu anakohoa.

"Ni nani alikufa?" sauti iliuliza.

Hakusema halo, hakuuliza ni nani anayepiga. Aliona namba ya Tanzania akajua ni Kigoma, na Kigoma kwa miaka kumi na tisa haikuwa na sababu nyingine ya kumpigia. Mama alifumba macho. Alikuwa hai. Mzee aliyetangazwa alikuwa mzee wa watu wengine, na Mungu atusamehe, tulifurahi.

"Hakuna mtu amekufa, Yaya," mama alisema. Yaya ndivyo kwao wanavyomwita ndugu mkubwa. Sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake. "Redio yangu iliharibika."

Akakohoa tena.

"Iliharibika nini?"

"Ile yenu haishiki."

"Umeangalia ariali?"

"Ariali ndiyo imekatika. Mwalimu aliivuta."

"Mwalimu nani?"

"Mtoto wangu."

"Ule mdogo?"

"Ana mvi."

Mjomba aliuliza kama tumeangalia fyuzi. Mama akanigeukia, nikasema tumeangalia. Aliuliza waya wa chini, unaoshika bodi. Nikasema mzima. Walizungumzia redio ile, nadhani, dakika tano nzima, watu wawili ambao hawakuwa na ufundi wowote, na mimi mwenye ufundi kidogo nikijibu kama mwanafunzi.

"Na betri?" mjomba aliuliza. "Betri umeangalia?"

Mama alinitazama, kisha akatazama mbele.

"Betri," alisema, "siku ile ya mama, alizichukua huyuhuyu. Alifundishia watoto wa shule."

Nilisikia upepo kwenye simu, na kuku wa nyumba ya watu nisiowajua.

"Na hukusema," mjomba alisema.

"Ungemchukia mtoto."

"Ningemchukia," alikubali. Kisha akaongeza, "Nilisema maneno mabaya pale kaburini."

"Uliyasema. Na mimi nilikurudishia."

"Ulinirudishia sana."

Mama alinyoosha kitenge magotini, ingawa kilikuwa kimenyooka. Niliona anakusanya nguvu.

"Yaya. Siku watakapokutangaza, mimi nimo?"

"Karatasi iko kwa mchungaji," mjomba alisema. "Nimeiandika zamani. Wewe ni wa kwanza. Watoto wangu wanafuata nyuma."

Mama aliweka kiganja mdomoni akakaa hivyo. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, wala mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikashika usukani. Upande wa pili mjomba alisubiri. Mama alipoondoa kiganja, sauti yake ilikuwa ile ya kila siku, ya kuniambia nifunge geti.

"Basi usife kwanza," alimwambia. "Redio haijatengenezwa."

"Haya," mjomba alisema.

Mama alinirudishia simu, akashusha kioo, akashuka. Siku hiyo tulikula mapema.

Fundi alirudi giza lilipoingia. Nilimkuta kwenye kreti lake, akaniambia pini ile ni kazi ya nusu saa, na kwamba anaweza kuniwekea swichi ili kisanduku kiwe kinazimwa, mpira ukitaka unapata mpira, ng'ambo ukitaka unapata ng'ambo. Nilirudi nyumbani mbio kumpa mama habari hiyo njema. Alikuwa anapepeta mchele. Akaniambia nisiharakishe.